Mama Mmoja wa Jumuiya Yetu

Pale Majengo, Mpanda, ukitaka mtu wa kumsemea binti siku ya kumuaga, ulikuwa unamwendea Verdiana. Ukitaka mtu wa kuwapatanisha mke na mume waliorushiana vyombo, unamwendea huyohuyo. Mwenyekiti wa jumuiya, mfunga vilemba, mwonja pilau kabla haijapakuliwa, mwalimu wa mabinti wanaokaribia ndoa: wote hao walikuwa mwanamke mmoja, mfupi, mwenye sauti inayofika nyumba ya tatu bila kipaza sauti. Na somo lake kubwa, lile ambalo mabinti walilijua kabla hajafungua mdomo, lilikuwa hili: "Mwanangu, mume hageuziwi mgongo."

Sasa kiangazi chote Verdiana alikuwa anamgeuzia mumewe mgongo.

Na si mgongo tu. Kitanda chenyewe alikuwa amekihama. Alijitandikia mkeka sebuleni, karibu na mlango, akasema ni joto. Joto lilikuwapo kweli, ila halikuwa la Mpanda peke yake. Lilimwanzia kifuani, likapanda shingoni, likafika masikioni, na kabla hajajua afanye nini, gauni limemganda mgongoni. Siku moja lilimkuta katikati ya rozari nyumbani kwa Mama Nestori. Alivua kilemba, akakishika kitabu cha nyimbo, akaanza kujipepea kwa nguvu huku ameinua uso juu. Wenzake wakadhani ameshukiwa na Roho. Mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakapiga makofi, na Verdiana, kwa aibu, akanyanyua mkono wa pili ili wasijue ni jasho tu.

Yalikuwapo na machozi. Alimfokea muuza nyanya sokoni kwa sababu ya nyanya moja iliyobonyea, akaondoka, akarudi kuomba radhi, akalia palepale mbele ya meza, na kwa kutojua ajinasue vipi akanunua nyanya za kutosha harusi. Wiki nzima walikula mchuzi wa nyanya. Mumewe Josephat hakuuliza kitu. Alikula, akasema, "Ni mtamu," akaondoa sahani yake mwenyewe.

Lilikuwapo na lile jingine, ambalo Verdiana hata akiliwaza aliliwaza kwa kunong'ona. Yale ya chumbani yalikuwa yanamuuma. Si kidogo. Alivumilia mara ya kwanza, akavumilia ya pili, ya tatu akasema anaumwa kichwa, halafu akaanza kuogopa jioni inapoingia, kama mtoto anayeogopa shule. Kumweleza Josephat alishindwa. Maneno aliyoyajua yalikuwa ya aina mbili tu: ya matusi, na ya kliniki. La kumwambia mtu uliyezaa naye watoto watano, hakuwa nalo. Yeye, ambaye watu walimfuata toka Kawajense kumwomba maneno!

Josephat naye hakuwa msemaji. Alikuwa Mpimbwe wa kimyakimya, mtu wa mpunga na redio ndogo. Mvua za kwanza zilipogonga bati, alisema neno lake, akiwa anafunga kamba za viatu na hamtazami mkewe.

"Mama Elias, mwaka huu nahamia shamba."

"Unakwenda kulima, si kila mwaka unakwenda?"

"Kulima nakwenda. Na kukaa nakaa hukohuko Sibwesa. Kibanda nimekiezeka upya."

"Mpaka lini?"

Akakaza fundo la kiatu. "Sitaki kumsumbua mtu ndani ya nyumba yake."

Aliposema vile hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Verdiana. Mtu mwenye hasira unamjibu. Huyu alikuwa ameshamaliza kuumia, sasa anapanga safari. Alisema ataondoka Alhamisi ya wiki ya pili, pakiwa pamelowa vizuri. Verdiana alijua wanaume waliohamia shamba namna hiyo. Walirudi mjini kwenye misiba.

*

Akaanzia duka la dawa.

"Kuna mama mmoja wa jumuiya yetu," alimwambia muuzaji, kijana mpole aliyeitwa Maiko, "anapata joto."

"Homa?"

"Linakuja, linaondoka. Usiku halali. Halafu analia ovyo. Halafu mumewe..." Akatazama nyuma kama kuna mtu. "Mumewe anamkimbia."

"Mume anamkimbia mke?"

"Mke anamkimbia mume. Ndani ya nyumba hiyohiyo."

"Kapima malaria?"

"Kapima mpaka vidole vimeota sugu."

Maiko alitazama jasho lililokuwa linamshuka Verdiana kwenye shavu na kudondokea kaunta yake ya kioo. Akachota maji ya kwenye ndoo ya bomba, akamwekea kikombe mbele.

"Ya nini haya?" Verdiana aliuliza.

"Ya huyo mama. Mnywee kwa niaba yake."

Akanywa yote. Maiko akainama kama anatafuta kitu chini, ili mteja wake apate nafasi ya kujifuta uso. Alipoinuka akasema, "Zahanati ile ya nyuma ya soko, kila Jumatano anakuja dada mmoja wa saikolojia. Matatizo ya akina mama anayajua sana. Anatibu kwa mazungumzo."

"Saikolojia? Kwani nimekwambia huyo mama kichaa?"

"Si kichaa, mama. Mnaongea tu."

"Mnaongea tu, halafu analipwa?"

"Analipwa."

Verdiana alirudi nyumbani anaona kaibiwa. Miaka yote ile ameongea Majengo nzima bure, hata soda wakati mwingine hawakumpa.

*

Jumatano alijiandaa kama mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji. Alioga mara mbili. Alivaa gagulo jipya, maana hospitali huwezi kujua watakuvua mpaka wapi. Hakunywa chai, wasije wakataka damu ya tumbo tupu. Mkobani aliweka khanga mbili, sabuni, kadi yake ya kliniki ya mtoto wa mwisho, ambaye sasa alikuwa dereva wa lori, na kichupa cha haja ndogo alichokifunga kwa mfuko wa nailoni. Kama wangekuwa wanapima mazungumzo kwa darubini, wangemkuta tayari.

Benchi lilikuwa limejaa. Alijifunika khanga mpaka kwenye nyusi, akakaa pembeni akiomba asikutane na mtu wa jumuiya. Mhudumu akachungulia mlangoni, akaita kwa sauti ya mnadani, "Wa ushauri nasaha! Mama wa ushauri nasaha ni nani?"

Benchi zima likageuka. Ushauri nasaha, kwa watu wa benchi lile, ulikuwa na maana moja tu: umepima, umekutwa na virusi. Verdiana alitamani ardhi ifanye kazi yake.

Dada aliyekaa jirani yake, mwembamba, amembeba mtoto mgongoni, akamshika mkono. "Nenda tu mama yangu," alisema taratibu. "Mimi nina miaka mingi natumia dawa. Mtoto huyu kazaliwa salama. Unaniona nilivyo? Utazoea."

Verdiana alifungua mdomo amwambie kwamba sivyo. Akamtazama yule dada, ambaye kwa ajili ya mtu asiyemjua alikuwa ametoa siri yake mbele ya benchi zima, akaona "sivyo" hiyo ingekuwa kama kuutupa mkono aliomshika. Akasema, "Asante mwanangu. Mungu akutunze." Akaenda mlangoni akiwa ameshapona ugonjwa ambao hakuwa nao.

Ndani palikuwa na viti viwili vya plastiki na dirisha. Mtaalamu aliitwa Agatha, mwanamke wa umri wa binti yake wa kwanza, amevaa kitenge, hana koti jeupe. Akasimama kumpokea, akampa shikamoo, akamwacha akae kwanza.

"Karibu mama. Nikusaidie nini?"

"Kuna mama mmoja wa jumuiya yetu," Verdiana akasema.

Ndivyo alivyozoea. Kwao mtu mwenye jambo zito haendi kulisema mwenyewe. Posa ina msemaji, msiba una msemaji, hata deni la mbuzi lina msemaji. Maisha yake yote alikuwa msemaji wa watu, na siku alipokuwa na la kwake, alijikodi mwenyewe.

Agatha alisikiliza. Joto, usingizi, machozi, nyanya. Alipofika kwa mume, Verdiana alizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, akasema huyo mama "hapatani na kitanda," akaishia hapo.

"Na huku kuna hii," akakumbuka, akatoa kichupa. "Nimesikia mnapima."

"Ya nani?"

"Ya... ya huyo mama. Kanituma."

Agatha alikipokea kwa mikono miwili. Kichupa kilikuwa bado na uvuguvugu. Akakiweka dirishani taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi. "Mwambie asante, ila leo hatupimi. Mwambie pia kwamba hajaharibika. Hiyo ni hedhi inakoma, na mwili unapobadilika hivyo wanawake wengi wanapata yote hayo uliyoyataja. Na yale ya kitandani yana dawa, na yana maneno. Anaitwa nani?"

Verdiana hakutegemea swali hilo. Majina yote ya Mpanda yakamkimbia. Likabaki la jirani yake, aliyeazima ungo asubuhi ile.

"Kashinje," akasema.

"Basi Jumatano ijayo umlete Kashinje. Na kabla hajaja ajiandae kidogo. Si kuoga, ajiandae kwa kuwaza: ni jambo gani hasa linalomuumiza, lilianza lini, na angependa libadilike vipi. Aseme hata kwa sauti akiwa peke yake, kinywa kizoee. Utamwambia?"

"Nitamwambia," Verdiana akaitika, akaondoka na wazo moja tu: hajaharibika. Alitembea nalo mpaka kwenye njia panda ya stesheni, akagundua amepita nyumbani.

*

Kashinje, Mama Malale, alikuwa Msukuma mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyeshuka Katavi na mumewe na ng'ombe wao zamani, sasa ng'ombe wamebaki kwa watoto na yeye anauza maziwa mgando mjini. Verdiana alimkuta anakoroga ndoo.

"Mama Malale, nina shida. Kuna mama mmoja anatakiwa kwa mtaalamu Jumatano, anaona aibu. Nimetoa jina lako."

"Jina langu ulilitolea wapi?"

"Lilinitoka tu."

"Kwa hiyo niende kwa mtaalamu niwe mimi, lakini mimi niwe yeye?"

"Hivyohivyo."

"Yaya!" Kashinje alikataa kwa Kisukuma, maana Kiswahili hakikumtosha. "Na kama nikiandikiwa sindano, nachomwa mimi au anachomwa yeye?"

"Hakuna sindano. Mnaongea tu. Usiponisaidia, huyo mama nyumba yake inavunjika Alhamisi."

Kashinje aliacha kukoroga. "Alhamisi ndiyo Baba Elias anahamia Sibwesa."

"Wanahama wengi Alhamisi."

"Huyo mama mnene au mwembamba?"

"Wa kati."

"Kama wewe."

"Kama... mimi na wewe tukichanganywa."

Kashinje alimtazama muda mrefu, halafu akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa. Nifundishe ugonjwa."

Wakaanza kujiandaa. Kashinje alichukua mfuniko wa ndoo awe anajipepea. "Joto linaanzia wapi?"

"Kifuani. Linapanda."

"Linapandaje? Mimi siku zangu zilikatika kama umeme, bila taarifa wala joto. Nieleze vizuri nisije nikakutia aibu."

"Kama mtu kanifunulia sufuria ya wali usoni."

"Kamfunulia," Kashinje alirekebisha.

"Eeh. Kamfunulia."

"Halafu huyo mama analia nini?"

"Hajui. Anaona kama watu wote wameondoka na yeye amebaki kufagia. Anaangalia mikono yake, anaona si yake. Jumapili anafundisha mabinti habari za ndoa, anajiona mwizi."

Mfuniko ulisimama. "Na mume?"

Verdiana alichuma uzi kwenye pindo la khanga. Maziwa yalinuka uchachu mzuri, na nje bodaboda zilikuwa zinapigana honi. "Mumewe akimgusa," alisema, "anaogopa. Si kwamba hampendi. Inauma. Kama kidonda ukikitia chumvi. Sasa anaona bora alale mlangoni kama mbwa kuliko mumewe amwone anakunja uso."

"Kamwambia mumewe?"

"Atamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Wewe unafanya mchezo, Mama Malale. Mwanamke anaanzaje kusema kitu hicho?"

"Sijui," Kashinje alisema. "Ndiyo maana nakuuliza, si wewe ndiye mnenaji?" Lakini alisema kwa upole, na alipomsindikiza mlangoni alimjazia chupa ya mgando, akakataa kulipwa. Alimuuliza jambo moja tu la mwisho: "Joto ni kifuani au magotini?"

"Kifuani! Nimekwambia mara ngapi?"

*

Jumatano waliingia wote wawili. Mhudumu akaongeza kiti cha tatu. Kashinje alikuwa amevaa nguo ya sikukuu na amejipaka mafuta mpaka anang'aa. Hata kabla hajaulizwa, aliangua kilio.

"Dada yangu, nakufa! Joto! Linanianzia magotini!"

Verdiana akamkanyaga mguu.

"Magotini, linashuka mpaka kwenye vidole. Usiku silali, nahesabu ng'ombe. Ng'ombe wenyewe hawapo!"

"Pole sana," Agatha alisema. Alikuwa ameuma midomo. "Na nyumbani?"

"Nyumbani ndiyo usiseme. Mume wangu ni mnyama." Kashinje alijipiga kifua. "Jitu katili. Ananipiga asubuhi, ananipiga jioni, kitandani ananiburuza kwa miguu..."

"Hapigi!" Verdiana alisimama, kiti kikaanguka. "Acha uongo, Mama Malale! Baba Elias hajawahi kuninyanyulia mkono toka siku alipokuja kwetu na baiskeli ya kuazima! Ananiondolea sahani! Mchuzi wa nyanya wiki nzima, anasema ni mtamu! Nani kakwambia ananiburuza? Mimi ndiye ninayemkimbia, mimi, naumia nashindwa kumwambia, yeye anadhani nimemchoka, anahama kesho, na wewe hapa unamwita jitu!"

Sauti yake, ile inayofika nyumba ya tatu, ilifika kwenye benchi la nje.

Kashinje alikuwa ameshafuta machozi. Hakuwa nayo mengi. "Umesikia mwenyewe," alimwambia Agatha, akainua kile kiti kilichoanguka, akamkalisha Verdiana kwa kumshika mabega. "Mgonjwa ni huyu. Mimi nina maziwa juani." Mlangoni akageuka. "Niombee radhi kwa Baba Elias. Mtu mzuri sana, huwa ananisukumia toroli."

Walipobaki wawili, Verdiana alifunika uso kwa khanga. Alingoja acheke yule dada, kwa kuwa yeye angekuwa kwenye kiti kile angecheka mpaka mbavu zimuume. Agatha alimletea maji.

"Ulijua?" Verdiana akauliza ndani ya khanga.

"Kichupa kilikuwa cha moto, mama."

Hapo Verdiana ndiye aliyecheka. Alicheka huku analia, joto nalo likaja palepale kwa wakati wake, akajipepea bila kuficha. Halafu akaongea. Hakuongea vizuri kama kwenye sherehe. Alirudia, alikwama, aliita vitu "hiki" na "kile," na kila alipoteleza akasema "huyo mama," Agatha alingoja tu mpaka arudi kwenye "mimi." Ugumu wote ulikuwa kwenye silabi moja ya kujitaja mwenyewe. Watu wanabeba magunia ya mpunga, yeye alikuwa anatokwa jasho kwa kubeba "ni".

Agatha alimwandikia aende kwa daktari chumba cha pili, apate dawa ya ule ukavu unaoleta maumivu. "Hilo la mwili ni la daktari," alisema. "La kwangu na wewe ni huku kunyamaza. Tutaonana Jumatano nyingi tu, hatumalizi leo. Ila mumeo anaondoka kesho. Ungependa ajue nini kabla hajaondoka?"

Verdiana akafikiri. Akatoa maneno ya harusini, marefu, yenye mapenzi na Maandiko.

"Fupi zaidi," Agatha akasema.

Akapunguza. "Fupi zaidi." Akapunguza tena, mpaka likabaki neno dogo la kumtia aibu kwa udogo wake. Akalisema kwa sauti mara nyingi, kama mtoto wa chekechea, dirishani ndege wanamsikiliza.

Nje, wale wa kwenye benchi walisogea kumpisha. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mtu mzima, asiyemjua, akamuuliza kwa kunong'ona, "Samahani mwenzangu. Huyo dada, hilo la kuumia, analiweza kweli?"

*

Asubuhi ya Alhamisi bajaji ilikuwa mlangoni mapema, imeelekea kwenye stendi ya magari ya Sibwesa. Josephat alipakia mbegu, majembe, redio. Verdiana alisimama na ufagio mkononi, anafagia mahali alipokwisha kufagia. Jana jioni alikuwa amejaribu. Alimwita, Josephat akasema "naam," yeye akamuuliza kama ameona kiberiti. Kiberiti kilikuwa mbele yao, juu ya meza.

Sasa Josephat alitoka ndani na godoro kichwani. Lile la kitandani. Alikuwa amelikunja vizuri na kulifunga kwa kamba, na kitanda huko nyuma kilibaki chaga tupu.

"Baba Elias."

"Naam."

"Subiri."

"Gari linaondoka. Simon ameshageuza bajaji."

Simon, dereva, alimtazama mke, akamtazama mume, akashuka, akaenda kukagua tairi la nyuma ambalo halikuwa na shida yoyote. Alilikagua kwa muda mrefu kuliko tairi lilivyostahili.

Verdiana akavuta pumzi. "Kuna mama..." Akaacha. Akaweka ufagio chini. "Naumia," akasema.

Josephat aligeuka na godoro lake. "Unaumia wapi?"

"Mwilini. Huku." Akaweka mkono tumboni, chini, mchana kweupe, Majengo inaamka. "Tukiwa wote. Inauma. Ni umri, mwili umebadilika. Si wewe, Baba Elias. Naogopa maumivu, wewe sikuogopi. Nimekwenda hospitali, wamenipa dawa, na yuko dada ninaongea naye."

Godoro lilianza kumteremkia Josephat usoni. Hakulishika. Kwa muda alikuwa mtu asiye na kichwa, godoro tu lenye miguu miwili na suruali ya shambani. Sauti yake ikatoka humo ndani, imezibwa na pamba.

"Mimi nilidhani nanuka."

"Unanuka?"

"Nilibadilisha sabuni. Nikaacha tumbaku. Nikaona bado. Nikasema basi, mtu akishachoka harufu yako huwezi kumlazimisha."

Verdiana alikumbuka kwamba kweli sabuni ilibadilika, ya kijani ikaja ya waridi, na yeye akadhani ni upungufu wa dukani. Alitaka kusema jambo zuri hapo. Mpanda nzima ingeshangaa jinsi mnenaji wao alivyosimama mdomo wazi.

Josephat aliteremsha godoro. Hakulipeleka kwenye bajaji. Alilibeba mbele yake kama mtu anayemkumbatia mgonjwa, akapita nalo mlangoni kwa shida, na Verdiana akasikia chaga zinalalamika linapotua. Alipotoka alikuwa na mkeka wa sebuleni chini ya kwapa, ule wa karibu na mlango.

"Huu nakwenda nao," alisema. "Kule nitaulalia siku za kupanda. Nikimaliza kupanda narudi. Huyo dada unayeongea naye, anakuja siku gani?"

"Jumatano."

"Anaruhusu mwanamume akae?"

"Sijui. Nitamuuliza."

"Uliza." Akaukunja mkeka, akaukunjua, akaukunja tena. "Siwezi kuongea vizuri. Nitakaa tu."

Simon akaona tairi limeshakaguliwa, akarudi kwenye usukani. Verdiana akatafuta tena lile neno zuri, la kumuagia mume, alilowafundisha mabinti wa watu miaka yote, akalikosa kabisa.

"Umekunywa chai?" akauliza.

"Bado," akasema Josephat, akamwonyesha Simon kwa mkono kwamba azime injini.